Nyuma ya Mabega ya Wazee: Picha za Masasi na Newala za Mwaka 1906 na Namna ya Kuzifufua

Ukisikia mtu anasema "picha za asili za Tanzania", akilini mwako inakuja picha gani? Nyumbu wakivuka mto Mara, simba juu ya jiwe, au kilele cha Kibo asubuhi na mapema. Sidhani kama umewaza Masasi au Newala. Na wala huna kosa, maana mazoea hayo yana zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1905 Mjerumani Carl Georg Schillings alitoa kitabu cha picha za wanyamapori aliozipiga kaskazini mwa nchi yetu, nyingine usiku kabisa kwa kuwasha unga unaotoa mwako mkali. Kitabu kile kilipendwa sana Ulaya. Mnyama akawa ndiye sura ya asili yetu, na mnyama anayepigwa picha akawa yuko kaskazini.

Sasa, mwaka mmoja tu baadaye kamera nyingine ilishushwa Lindi, ikabebwa vichwani mwa wapagazi hadi Masasi, kisha ikapandishwa Newala na Mahuta, juu kabisa ya Uwanda wa Makonde. Picha zilizotoka huko hazikupigwa kwa ajili ya asili. Zilipigwa kwa ajili ya watu: sura zao, chale zao, ngoma zao, nyumba zao. Ndiyo maana wanaozifungua leo wengi ni wanahistoria na wataalamu wa mila. Mwanaikolojia anapita pembeni.

Katika makala hii nataka kukushawishi jambo moja: picha hizo ni kumbukumbu ya asili pia. Miti, udongo, vilima na mashamba yamo, ila yamekaa nyuma ya mabega ya watu. Kuzifufua maana yake ni kujifunza kutazama kule nyuma, bila kumfuta aliyesimama mbele.

Mtu na safari yake

Aliyekuja na kamera hiyo ni Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya mila na tamaduni ya Leipzig, Ujerumani. Mpango wake wa awali haukuwa kuja kusini, alitaka kwenda Kondoa Irangi. Alipofika Dar es Salaam katikati ya mwaka 1906 aliambiwa kule hakujatulia, akaelekezwa nyuma ya Lindi.

Kusini nako usifikiri kulikuwa shwari. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimewaka mwaka 1905, na misheni ya Waingereza pale Masasi, iliyoanzishwa na Askofu Edward Steere mwaka 1876, ilikuwa imechomwa moto. Yaani Weule alipita katika nchi yenye majeraha mabichi, akiwa na askari wa serikali ya kikoloni pembeni yake. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Alizunguka miezi kadhaa ya kiangazi: Masasi, Chingulungulu, Newala, Mahuta. Alipiga picha zaidi ya elfu moja, akarekodi nyimbo kwa santuri za nta, akapiga hata sinema fupi. Mwaka 1908 alichapisha ripoti ya kitaalamu na kitabu cha wasomaji wa kawaida, na mwaka 1909 kitabu hicho kikatoka London kwa Kiingereza, kikitafsiriwa na Alice Werner, mwanamke ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa wasomi wakubwa wa Kiswahili Uingereza.

Jengo la makumbusho ya Leipzig liliharibiwa vibaya kwa mabomu Desemba 1943. Kwa hiyo picha zilizochapishwa kwenye vitabu vile zina thamani ya pekee, maana nakala zake zilikuwa zimeshasambaa duniani. Leo vitabu hivyo vinapatikana bure mtandaoni. Unaweza kuvifungua kwenye simu yako ukiwa umekaa stendi ya Masasi unasubiri gari.

Vilima vilivyoipa sayansi neno jipya

Tuanze na Masasi, kwa sababu ndiko kazi ilikorahisi.

Ukiwa unaingia Masasi kutoka upande wowote, kitu cha kwanza kukuona ni vilima vya mawe: Mtandi, Mkomaindo na wenzao, vimeota tu kutoka kwenye tambarare kama mtu kavipanga. Mjiolojia Wilhelm Bornhardt alitembea kusini mwa nchi hii kati ya mwaka 1895 na 1897, na vilima vya namna hii vilimshangaza. Katika kitabu chake cha mwaka 1900 aliviita "Inselberg", yaani mlima-kisiwa. Neno hilo likaingia kwenye vitabu vya jiografia dunia nzima. Baadaye wanajiolojia wakaita aina ya kilima cha jiwe moja lenye mgongo wa mviringo kwa jina lake yeye, "bornhardt". Mwanafunzi wa Australia au Brazil anayetumia maneno haya anatumia istilahi iliyozaliwa kwa kutazama ardhi ya kusini mwa Tanzania.

Kilima-kisiwa kinatokeaje? Mwamba wa chini huku ni wa kale sana, una zaidi ya miaka milioni 500. Sehemu zenye nyufa nyingi huingiwa na maji, zikaoza polepole chini ya ardhi, kisha mvua na mito ikaziondoa. Sehemu zenye nyufa chache hubaki zimesimama. Jambo la muhimu kwetu ni kasi yake: kwa miaka 120 kilima cha Masasi hakijabadilika kiasi cha jicho lako kuona.

Hapo ndipo tunapata msumari wa kuanzia. Picha ya zamani yenye kilima nyuma inaweza kurudiwa kutoka palepale ilipopigwa. Unaichukua picha mkononi, unatafuta mahali ambapo ukingo wa kilima cha karibu unakutana na ukingo wa kilima cha mbali. Ukisogea kulia, pengo kati yao linapanuka, ukisogea kushoto linafunga. Unasogea mpaka pengo la macho yako lilingane na pengo la kwenye picha. Ukipata vilima vitatu vinavyolingana kwa pamoja, umesimama karibu sana na pale zilipokuwa nyayo za mpiga picha.

Kazi hii inaitwa picha ya marudio. Ilianza kwenye barafu za milima ya Alps mwishoni mwa miaka ya 1880, na hapa kwetu imeshaleta ushahidi mzito. Mwaka 1912 Wajerumani Fritz Klute na Eduard Oehler walipiga picha za vipimo kuzunguka Kilimanjaro, na kutokana nazo ikachorwa ramani. Wanasayansi walipolinganisha ramani hiyo na picha za anga za baadaye, walikuta barafu ya mlima imetoka takriban kilomita za mraba 12 mwaka 1912 hadi chini ya 2 mwaka 2007. Asilimia 85 imeondoka. Picha za 1912 zisingetunzwa, leo tungebaki na simulizi za "zamani theluji ilikuwa nyingi".

Kule juu, kwenye uwanda usio na maji

Sasa panda nami Newala. Uwanda wa Makonde unaanza chini upande wa bahari, unainuka taratibu kuelekea magharibi, na ukifika Newala uko zaidi ya mita 600 juu ya bahari. Halafu ghafla ardhi inakatika. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma na upande wa pili kabisa ni Msumbiji.

Uwanda huu ni wa mchanga na mawe ya mchanga. Mvua ikinyesha, maji hayakai juu. Yanazama, yanashuka hadi yanapokuta tabaka lisilopitisha maji, kisha yanatokea kama chemchemi huko chini miguuni mwa uwanda. Ndiyo maana kwa vizazi vingi watu wa Newala waliishi juu na maji yakawa chini, na akina mama wakateremka na kupanda na mitungi. Mradi mkubwa wa kusukuma maji kwa pampu hadi juu ulikuja miaka ya 1950.

Kwa nini basi watu waliishi juu? Sababu moja ni usalama. Karne ya 19 mabonde yalikuwa njia ya misafara ya watumwa na ya uvamizi. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huku kwa jina la Magwangwara, waliivamia Masasi, iliyokuwa wazi tambarareni. Kule juu kulikuwa na kichaka kizito cha miti midogo, miba na mitambaazi. Mgeni asiyejua njia hapiti. Kichaka kilikuwa ukuta wa kijiji.

Na kichaka hicho ndicho kilichozua mjadala ambao picha zinaweza kuusaidia. Weule aliona kwamba kichaka cha Makonde hakikuwa msitu wa tangu zamani. Kwa maoni yake kilitokana na kilimo: mkulima anafyeka, anachoma, analima miaka michache, anahama, na kinachoota nyuma yake ni vichaka. Mwaka 1945 Clement Gillman, mhandisi na mwanajiografia aliyeitembea Tanganyika yote na kuichorea ramani ya uoto, aliandika makala nzima kuhusu kilimo cha kuhama cha Uwanda wa Makonde katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Ukisoma haraka utasema: kumbe Wamakonde walimaliza msitu wao. Subiri kidogo. Kama watu walilima, wakaacha, kichaka kikarudi, wakalima tena palepale kizazi baada ya kizazi, basi kichaka si uharibifu. Ni ghala la rutuba katika udongo wa mchanga usioshika mbolea, na ni ngome pia. Uharibifu ungekuwa pale kichaka kisiporudi. Kujua lipi lilitokea unahitaji tarehe na mahali: hapa mwaka 1906 palikuwaje, 1945 palikuwaje, leo pakoje?

Jirani zetu wa Machakos, Kenya, walipitia jambo linalofanana. Miaka ya 1930 wakoloni waliandika kwamba nchi ya Wakamba inakufa kwa mmomonyoko kwa sababu watu na mifugo wamezidi. Mwaka 1937 zikapigwa picha kuonyesha makorongo na milima mitupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walirudi na picha zilezile, wakasimama palepale, wakapiga tena. Watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, lakini milima ile sasa ilikuwa na matuta na miti mingi kuliko mwanzo. Kitabu kilichotokana na utafiti huo, mwaka 1994, kilibadilisha namna wataalamu wengi wanavyomzungumzia mkulima mdogo wa Afrika. Picha zilizopigwa kumlaumu mkulima zikaishia kumtetea.

Kwa Newala kuna kitu kingine kikubwa kilichoingia katikati: mkorosho. Mti huu asili yake ni Brazil, Wareno waliuleta pwani yetu karne ya 16, lakini ulipanda uwandani kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mkorosho hauhamihami. Ukishaupanda, shamba limekuwa la kudumu, na kichaka hakina nafasi ya kurudi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, nyingi zikitoka kusini. Kisha watu wakahamishiwa vijijini mbali na mashamba yao, bei zikakatisha tamaa, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, na katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Mikorosho iliyoachwa ikamezwa na vichaka. Baadaye watu walirudi na salfa, wakafyeka upya.

Unaona sasa? Ukilinganisha picha ya 1906 na ya leo tu, ukasema "kichaka kimeisha, mikorosho imeingia", utakuwa umeruka hadithi nzima iliyoko katikati. Picha mbili zinakupa mwanzo na mwisho. Za katikati, zikiwemo picha za anga za wakati wa Mwingereza na zile zilizoko kwenye maboksi ya nyumba za watu, ndizo zinazotoa mwenendo.

Mitego mitatu ya picha ya zamani

Kabla hujakimbilia kulinganisha, ujue picha za wakati ule zinadanganya kwa njia zinazojulikana.

Wa kwanza ni rangi. Vioo vya picha vya wakati ule vilipakwa tabaka la jelatini lenye chumvi za fedha, na chumvi hizo ziliona sana mwanga wa buluu lakini karibu hazikuona wekundu. Matokeo yake mbingu hutoka nyeupe tupu, na kitu chekundu hutoka cheusi. Udongo mwekundu wa Makonde kwenye picha unaweza kuonekana mweusi kama umeungua au umelowa, kumbe ni mkavu na mzima. Usiseme "hapa walichoma" kwa sababu ya weusi wa ardhi peke yake. Tafuta visiki, tafuta majivu, tafuta shina lililobabuka.

Wa pili ni msimu. Weule alikuwa huku kuanzia Julai, yaani kiangazi. Miombo ya upande wa Masasi hupukutisha majani wakati huo, na mibuyu hubaki mitupu. Ukirudia picha mwezi Machi, mvua zimenyesha, kila kitu kijani, utatangaza kwamba nchi imepona. Rudia mwezi uleule, na ikiwezekana saa ileile. Urefu wa vivuli kwenye picha utakusaidia kukadiria saa.

Wa tatu ni mahali aliposimama mpiga picha. Kamera ilikuwa mzigo, vioo vilikuwa mzigo, na kusafisha picha kulihitaji maji mengi. Fikiria kusafisha vioo Newala, ambako kila ndoo imepandishwa mlima kichwani mwa mtu! Tena katika joto jelatini hulainika, kwa hiyo wapiga picha wa nchi za joto walisubiri usiku maji yapoe, au waliikaza kwa shabu. Mtu mwenye shida zote hizo hapigi picha ovyo. Anapiga kambini, barabarani, kijijini. Hiyo ina maana picha zinaonyesha zaidi ardhi iliyokanyagwa na watu, na kidogo sana ardhi iliyo mbali na njia. Mabaki ya misitu ya kwenye miteremko mikali ya ukingo wa uwanda, mengine sasa yakiwa hifadhi, yana nafasi ndogo ya kuonekana humo.

Aliyesimama mbele

Turudi kwa wale askari. Mwaka 1906, nchi ikiwa bado na harufu ya moshi wa Maji Maji, mgeni mwenye askari akikuambia simama hapa nikupige picha, ulikuwa na nafasi gani ya kukataa? Wengi waliopigwa hawakuandikwa majina. Wameandikwa "mwanamke wa Kimakonde", "mzee wa Kiyao". Midomo yenye ndonya ikawa kivutio kwa msomaji wa Leipzig.

Kwa hiyo ukija na wazo la kuwakata watu ili ubaki na miti, unarudia kosa lilelile kwa upande wa pili. Weule alimtazama mtu akaisahau ardhi. Sisi tukiitazama ardhi tukamsahau mtu, bado hatujaifufua picha.

Na kuna sababu ya kisayansi kabisa ya kutowakata. Maelezo chini ya picha mara nyingi hayatoshi kujua ni wapi, na uwandani Newala hakuna vilima vya kukuongoza kama Masasi. Anayeweza kukuambia "huu ni mwembe wa kwa fulani" au "njia hii ilikuwa inashuka kisimani" ni mtu wa pale. Ukienda na picha iliyochapishwa vizuri, ukaiweka mkekani mbele ya bibi au babu, ukamsikiliza kwanza yeye anaona nini, utapata majina ya mahali, majina ya miti kwa Kimakonde, Kiyao na Kimakua, na pengine jina la aliyesimama mbele. Acha nakala ya picha pale nyumbani. Ni yao kabla haijawa yako.

Cha kufanya

Kama uko chuo chochote, au wewe ni mwalimu wa jiografia Masasi, au unakwenda likizo Newala, kazi inaweza kuanza bila fedha za mradi. Chagua picha moja tu yenye mandhari nyuma. Ichapishe. Itafutie mahali kwa vilima au kwa wazee. Piga yako mwezi uleule, andika tarehe, saa, mwelekeo wa dira na mahali kwa GPS ya simu. Andika aina ya miti unayoiona, kwa majina ya wenyeji na ya kitaalamu. Weka nakala sehemu mbili tofauti, moja iwe shuleni au maktaba ya wilaya, ili nayo isije ikapotea kama zilivyopotea nyingine.

Picha kumi za namna hiyo zingetosha kuanza kujibu swali alilolijadili Gillman mwaka 1945: kichaka cha Makonde kilikuwa kinarudi, au kilikuwa kinakwisha? Jibu lake linamgusa mkulima wa leo anayefikiria kung'oa au kuongeza mikorosho, na linamgusa ofisa anayepanga wapi pawe hifadhi na nani ahamishwe.

Ila usisubiri sana. Vilima vya Masasi vitakungoja, hata ukija baada ya miaka elfu moja. Lakini mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1950, aliyekuwa akipita kwenye kile kichaka kabla mikorosho haijajaa, leo amepita miaka themanini. Yeye ndiye anayejua picha ilipigwa wapi.